Kuvua na kuvalisha MGB: maelezo ya fundi makochi wa Keko

Mimi ni fundi makochi. Nalisema mapema ili mtu asinibane kwenye kabureta na taimingi, huko sipo; hapa nazungumzia leza, mbao na kapeti za ndani ya MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza. Banda langu liko Keko, Dar es Salaam, na kazi niliyokulia ni seti za sebuleni: mbao, sponji, mipira ya kukalia, leza, pini. Kwenye magari nilitumbukia tu. Mzee mmoja wa Upanga, niliyekuwa nimemtengenezea kochi la watu watatu, alinipigia simu: "Fundi, wewe si mtu wa leza? Njoo unitazamie milango." Nikabeba futi yangu nikijua naenda kupima milango ya nyumba.

Kumbe ni MGB GT ya mwaka 1970, imelala chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Leza ya milango imefunguka pembeni kama sambusa iliyokosa unga wa kubandikia, ubao wa ndani umevimba, kapeti inanuka gunia la dagaa lililonyeshewa. Nikamwambia mzee siku tatu. Akacheka, maana anaijua gari yake. Zilikwenda wiki sita, na ubao mmoja niliutengeneza mara mbili. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyahitaji siku ile ya turubai, na hapakuwa na wa kumuuliza.

MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Hii yenye paa la bati na mlango wa nyuma, GT, ilianza 1965. Ukijumlisha zote zilitoka zaidi ya laki tano, ndiyo maana hadi leo vipuri vyake vinatengenezwa upya hukohuko kwao, hata mbao za milango zikiwa zimeshavikwa. Ukiwa na fedha na subira ya kungoja mzigo, agiza. Mzee subira alikuwa nayo, fedha akasema zimeishia kwenye breki. Lakini hata ubao wa kuagiza lazima uvue wa zamani na uvalishe mpya, na hapo ndipo watu wanapoharibu.

Kabla hujashika bisibisi

Nenda kwa muuza chipsi umwombe trei mbili tupu za mayai. Kila skrubu iwe na kitundu chake, na pembeni andika kwa kalamu ya wino mzito: mkono wa kioo kulia, kizingiti kushoto, na kadhalika. Kwa macho skrubu za gari hii zinafanana, ila urefu unatofautiana, na urefu ndio wenye shari. Ukifunga skrubu ndefu mahali pa fupi kwenye mlango, siku kioo kinaposhushwa kinachorwa mstari kutoka juu hadi chini. Picha za simu piga, lakini usizitegemee peke yake. Picha haikuonyeshi washa ipi ilikuwa nyuma ya ipi.

Nati zake ni za inchi. Nati inayotaka spana ya nusu inchi unaweza kuidanganya kwa spana 13, maana nusu inchi ni milimita 12.7. Ile ya 7/16 haidanganyiki: ni milimita 11.1, kwa hiyo spana 11 haiingii na 12 inacheza mpaka inakula kona. Azima spana za inchi kwa fundi wa zamani, wapo wengi wamezihifadhi tangu enzi za Land Rover. Skrubu nazo zitazame vizuri kichwani. Nyingi si nyota ya kawaida. Zina mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba. Hiyo inaitwa Pozidriv na ina bisibisi yake. Bisibisi ya nyota ya kawaida itateleza mara mbili, ya tatu kichwa kimekuwa kisahani, na sasa unatafuta drili.

Kifaa nilichokitumia kuliko vyote nilikichonga mwenyewe: kipande cha mninga chenye urefu wa mwiko wa ugali, ncha nyembamba kama ulimi, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Bisibisi bapa inaacha kovu kwenye rangi ya mlango na inatoboa ubao. Mninga hauachi alama, na ukivunjika unachonga mwingine.

Kisha betri. Hutaiona mbele chini ya boneti. Kwenye MGB za miaka ile ziko mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa chini ya sakafu nyuma ya viti vya mbele, na mfuniko wake umezibwa na kapeti. Fungua waya unaokwenda kwenye bodi kwanza, halafu mwingine. Ya mzee ni hasi kwenye bodi. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1967 ni chanya kwenye bodi, kwa hiyo usikariri rangi ya waya, fuata unakoishia. Utakuwa unachokoa nyuma ya dashibodi na taa za ndani kwa vyuma mkononi. Usilikubali lile neno la "tutakuwa waangalifu tu."

Kuvua

Kila kitu humo ndani kimebanwa na jirani yake, na mpangilio wa kuvua hauchagui wewe. Viti vinatoka kwanza: kisukume kiti mbele ufungue bolti za nyuma, kirudishe nyuma ufungue za mbele. Nati zake zimeshikizwa kwenye bodi, na hapa kwetu kwa upepo wa bahari huwa zimeungana na bolti kama mke na mume. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku, rudi asubuhi. Ukilazimisha, nati inang'oka ndani ya sakafu inaanza kuzunguka na bolti yake, na hapo umejitafutia fundi wa kuchomelea. Chini ya reli za kiti utakuta vipande virefu vya mbao. Usidhani kuna mtu aliweka kabari; vilitoka navyo kiwandani. Vya mzee vilikuwa vimeoza, nikachonga vipya kwa kufuata unene uleule. Ukizidisha unene, mtu mrefu kichwa kinagusa paa.

Baada ya viti, bamba la kizingitini, halafu ule mpira mrefu unaozunguka fremu ya mlango. Mpira huo ndio kufuli la kila kitu: unabana kingo za leza za pembeni na kingo za kapeti. Uvute polepole kuanzia chini. Ukishatoka, leza za pembeni na kapeti za vizingiti zinabanduka, kisha kapeti ya lile handaki la gia (tuta la katikati ya viti), ambayo haitoki mpaka ufungue ringi na mpira wa mkono wa gia. Dashibodi ya gari hizi za usukani wa kulia ni bati lenye rangi nyeusi iliyokunyata. Haina leza, haikuhusu, ipite. Kitambaa cha paa nacho kama hakijaanguka kiache kilivyo.

Sasa mlango, na hapa nenda taratibu.

Pandisha kioo hadi mwisho, kisha tazama mkono wa kioo umeelekea wapi. Piga picha pande zote mbili. Mkono unashikwa na skrubu moja ya katikati, na nyuma yake kuna kipande cha kuzuia usisugue leza. Kiende kwenye trei. Mshikio wa kuvutia mlango una skrubu mbili. Ondoa na urembo unaozunguka komeo la ndani. Ukishamaliza, ubao bado hautatoka, kwa sababu umeshikwa kuzunguka kingo zote na klipu za chuma cha springi zilizozama kwenye matundu ya mlango. Ingiza ulimi wa mninga kwenye kona ya chini, usogeze mpaka ugonge klipu, na ubinue hapohapo penye klipu, si katikati ya klipu mbili. Itasema "tok". Nenda ya pili. Ukiona ubao unapinda na hakuna sauti, simama: kuna skrubu hujaiona.

Ubao ukishatoka usiutupe. Hata ukiwa umeoza, umevimba, umekatika vipande vitatu. Mimi nilikuwa nimesimama naongea na mzee, kijana wangu wa kazi akaona kibao kichafu kimeegemezwa ukutani, akampa mama lishe awashie jiko. Ulikuwa wa kushoto. Mama wa watu akanishukuru kabisa: "Fundi, kimeshika moto vizuri." Ilibidi wa kushoto niutoe kwa kuugeuza wa kulia, na wa kulia wenyewe ulikuwa umepinda, kwa hiyo tundu la mkono wa kioo likaangukia pembeni kwa upana wa kidole. Ubao uliopinda usiuchore hivyohivyo. Uulaze juu ya meza iliyonyooka, juu yake weka kitu kizito (mimi niliweka fremu ya kochi na magunia mawili ya vipande vya sponji) ulale usiku mzima, asubuhi ndipo uchore.

Ile nailoni

Nyuma ya ubao, kwenye bati la mlango, nilikuta nailoni iliyochakaa imebandikwa kwa gundi nyeusi. Ilikuwa imechanika, imejaa vumbi. Nikaiona uchafu. Nikaibandua yote, nikafuta gundi kwa petroli mpaka bati likang'aa, nikafunga ubao mpya wa kulia, umenyooka, leza imevutika kama ngoma. Mzee akafurahi, nami nikajiona.

Masika yakaja. Simu ikaja. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayejizuia, kisha: "Fundi, mlango wangu umekuwa papadi."

Nilianza kwa kulaumu mpira wa paa. Mzee hakubishana. Alikwenda ndani akarudi na jagi la maji, akaniambia vua ubao, chuchumaa hapo, washa tochi ya simu. Akamimina nje ya kioo, polepole, kama mtu anayenawisha wageni. Maji yakapita chini ya mpira wa nje wa kioo, yakaingia ndani ya mlango. Mengine yakateremka na kioo mpaka chini. Mengine yakafuata vyuma vya kupandishia kioo, yakafika kwenye kona ya chuma, yakaning'inia, yakadondoka upande wangu, juu ya goti langu. Pale pale ambapo ubao wangu ulikuwa umevimba.

Mlango wa gari hizi unaingiza maji kila mvua inyeshapo, na ndivyo ulivyopangwa. Kazi ya nailoni ni kuyarudisha ndani ya mlango yasiguse ubao, na chini kabisa kuna matundu ya kuyatoa nje. Nikachokoa matundu hayo kwa waya wa hanga: lilitoka tope na majani ya mwembe, halafu maji yaliyokuwa yametuama humo, kikombe kizima cha chai, mekundu kwa kutu.

Kwa hiyo: zibua matundu kwanza, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu unapofikia. Chukua nailoni nzito, ile inayofunika magodoro mapya inafaa kabisa, ikate kubwa kidogo kuliko ubao. Ibandike kwa ile gundi nyeusi ya kamba isiyokauka wanayotumia mafundi wa vioo, ukizunguka juu na pembeni bila kuacha mwanya. Upande wa chini usiubandike juu ya bati kama pembeni. Uingize ndani ya mlango kupitia uwazi wa chini, ili tone likishuka kwenye nailoni liangukie ndani. Toboa matundu madogo tu ya mkono wa kioo na komeo. Halafu jagi tena kabla ya kufunga ubao. Mimi sasa mlango sifungi bila jagi.

Ubao mpya na leza yake

Hadibodi ya milimita 3 inatosha. Chora kwa kufuata wa zamani, kata, toboa matundu ya klipu, kisha ujaribishe mlangoni ukiwa mtupu, bila leza, mpaka kila klipu iingie. Ukiridhika, paka vanishi pande zote mbili, na kingo uzirudie mara mbili, maana hadibodi inakunywa maji kwa kingo kama biskuti kwenye chai. Kiwandani hawakupaka. Wao hawakuijua masika ya Upanga.

Ile mistari iliyokuwa kwenye leza ya zamani imechomwa kwa mashine, siyo uzi. Mimi mashine hiyo sina, nikapiga mistari kwa cherehani juu ya leza na sponji nyembamba. Usishone mishono mifupi: sindano inatoboa matundu ya karibukaribu, na leza ikivutwa inachanika kwenye mstari kama stempu. Milimita 4 au 5 kwa mshono mmoja. Anayeijua MGB ataona tofauti akikaribia. Mzee ameiona, amesema anaipenda hivyo, na sijui kama ni adabu au kweli.

Gundi. Gundi ya maji ya seremala isahau. Na ile ya bei rahisi niliyozoea kwenye makochi nayo isahau, kwa sababu kochi halianikwi juani na vioo vimefungwa. Tafuta gundi ya kubandika pande mbili inayostahimili joto, uliza dukani kwa jina la kazi: ya dari na milango ya magari. Paka ubao, paka leza, subiri. Gusa kwa mgongo wa kidole. Ikikuvuta bila kubaki kidoleni ndiyo tayari. Siku ya mvua usifanye. Gundi inapokauka inapoza uso wake, unyevu wa hewani unatua juu yake kama jasho la chupa ya soda, inageuka nyeupe na haishiki. Nimepoteza mita nzima ya leza kwa ubishi wa namna hiyo mwezi wa Aprili. Na mvuke wake unashika moto. Jirani yangu anakaanga chipsi hatua kumi kutoka bandani, kwa hiyo siku ya gundi nahamia upande wa pili, naye ananicheka.

Leza yenyewe ianike juani kwenye mkeka dakika ishirini ilainike, ndipo uivute. Anza katikati ya kila upande, malizia kona. Kona inayotokeza nje, leza inazidi nyuma. Kata pembe ndogondogo uitoe. Kona inayoingia ndani, leza inakaza. Ipasue kidogo, usifike ukingoni. Matundu ya skrubu usiyakate mkasi. Toboa kwa sindano ya moto, tundu dogo, litapanuka lenyewe.

Kapeti na kuvalisha

Chini ya kapeti ya mzee kulikuwa na felti, tandiko nene la nyuzi zilizoshindiliwa, na ukiikamua inatoa maji. Akakumbuka aliwahi kupita Jangwani siku ya mafuriko, miaka imepita. Maji yalikuwa bado yamo. Ukibandua kapeti, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, lililooza linanyamaza. Lililooza ni la fundi bodi, na usivalishe chochote juu yake. Badala ya felti niliweka sponji ngumu isiyonyonya maji, unene uleule, nikaiacha bila gundi ili mzee aweze kuinyanyua akaangalia.

Usitoboe sakafu kwa drili kushikiza kapeti. Chini yake hupita kebo nene ya betri na bomba la petroli, na hutaziona ukiwa juu.

Kuvalisha ni kinyume cha kuvua, ila jaribisha kila kitu kikavu kwanza: leza za pembeni, kapeti ya handaki, ya vizingiti, za miguuni. Mpira wa fremu ya mlango unafuata baada ya hizo, kisha mabamba, kisha viti, na bolti zote nne zianze kwa mkono kabla ya spana. Milango iwe ya mwisho ili usiikwaruze ukiingiza viti. Klipu zikiwa zimelegea zibane kwa plaizi kabla ya kuzipiga kwa kiganja. Mkono wa kioo uelekee kama kwenye picha, kioo kikiwa juu. Shusha na upandishe mara kumi ukisikiliza. Betri unganisha, waya wa bodi mwisho.

Vioo viache wazi kidogo siku mbili, harufu ya gundi itoke, na gari iwe kivulini.

Mzee ana rafiki yake Oysterbay mwenye nyingine, ya paa la turubai, na ameshaanza kunipigia. Mbao za kulia za zamani, ule wa papadi na ule wa kwanza kabla yake, zote nimeziandika MGB kwa chaki nyeupe na kuzipandisha darini kwenye banda. Mama lishe ameniuliza mara mbili kama sina kingine cha kuwashia.